Brathe, shusha wufa kidogo

Wasee, wacha niseme ukweli. Kwa miaka miwili nilidhani sistangu anajifanya. Siku ya kuchota maji, kichwa. Siku ya kufua, kichwa. Namwambia, "Kunywa panadol, utakuwa sawa," narudi kwa simu yangu.

Halafu siku moja saa saba mchana nikamkuta amelala sakafuni, leso imefungwa machoni, ndoo ya kutapikia kando. Hapo ndio nilishtuka. Kumbe ni kipandauso. Kinaweza kukushika masaa 4, kinaweza kukushika siku 3. Mwanga unachoma, harufu inakutapisha, hata mtu akiweka sufuria chini unasikia kama nyundo. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na pengine ndiyo maana tunawaambia wanadeka.

Sasa ukiuliza mtandaoni, unaambiwa mgonjwa apumzike kwenye chumba chenye giza na kimya. Chumba gani, bana? Hapa Kisumu Ndogo keja ni kumi kwa kumi, mabati juu, mabati kando, na sisi wote tuko ndani. Kushoto kuna jirani na wufa, kulia kuna mama anakaanga samaki. Kimya hapa hukipati kwa kufunga mlango. Lazima uende ukiombe.

Na hiyo ndiyo kazi yetu sisi tulio wazima. Nilibisha kwa jirani: "Brathe, samahani, sistangu ni mgonjwa, shusha wufa kidogo." Akaniangalia kama nimemletea siasa. Nilipomweleza, akazima kabisa. Akasema mathe yake huko ocha huumwa hivyo hivyo. Mama wa samaki sikumwambia kitu, hiyo ni unga ya watoto wake. Tulitundika shuka iliyoloweshwa mlangoni, moshi ukapungua.

Kosa langu lingine lilikuwa dawa. Nilikuwa nampelekea vidonge vya dukani kila akilalamika, nikijiona nimesaidia. Kliniki wakatuambia ukimeza za maumivu siku 10 au 15 kwa mwezi, inategemea ni dawa gani, zenyewe zinaanza kuleta kichwa. Kikimshika mara nyingi hivyo, kuna dawa tofauti za kuzuia, daktari ndiye huandika. Siku hizi tuna daftari: tarehe, alilala saa ngapi, alikula nini. Na kichwa kikija ghafla kuliko vyote, au mtu ashindwe kuongea, au upande mmoja wa mwili ulegee, wacha mambo ya shuka, kimbiza hospitali.

Lakini kitu kilikuwa kinamuuma kuliko kichwa ni kazi. Yeye hufulia watu nguo. Ukikosa siku moja, mtu mwingine anaitwa, na wiki ijayo hupigiwi simu.

Jumanne iliyopita kilimshika asubuhi. Nikaenda kufua badala yake. Mabeshte walinipata na beseni wakacheka mpaka wakakaa chini. Shati za huyo mteja zina kola ngumu, si mchezo. Lakini Jumanne ijayo bado ni yake.