Mikaya, Ebola na uhuru wa wataalamu wetu

Katika kitabu cha Wafalme wa Kwanza, sura ya 22, mfalme Ahabu anataka kwenda vitani. Manabii wapatao mia nne wanamwambia apande, atashinda. Anaitwa mmoja zaidi, Mikaya, na mjumbe anayemleta anamshauri aseme kama wenzake. Mikaya anaapa kusema tu atakayopewa na Bwana. Anatupwa gerezani, analishwa mkate wa mateso. Lakini Ahabu hakurudi hai kutoka vita ile.

Tunalisoma fungu hili tukizungumzia wahubiri. Leo tulisome tukiwafikiria walimu wa vyuo vikuu, madaktari na watafiti wetu, kwa sababu sisi wa mashariki tumekwisha kuona hasara inayokuja pale siasa inapoazima kinywa cha wataalamu.

Tukumbuke Beni na Butembo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini. Watu walikuwa tayari na majeraha: mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014, na wengi waliuliza kwa nini dunia inakimbilia ugonjwa huu huku wanaokatwa kwa mapanga wakiachwa. Katika utafiti wa Septemba 2018 uliowahoji watu wazima 961 wa miji hiyo miwili, karibu mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo.

Ndipo, tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo watapiga kura Machi 2019. Sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini rais mpya aliapishwa Januari. Kura za watu wetu hazikuhesabiwa katika kumchagua. Na watu waliona kwamba masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa yamejaa. Wakauliza: ugonjwa gani huu unaokaa kwenye kituo cha kura tu? Kesho yake kituo cha wagonjwa cha Beni kilishambuliwa, na watu waliokuwa wakingoja majibu ya maabara wakakimbia.

Hatusemi kwamba uamuzi ule peke yake ndio ulioleta mashambulizi yote yaliyofuata. Kutoaminiana kulikuwa kwa zamani, na vikundi vya silaha vilikuwa na hesabu zao. Lakini ulimwaga petroli juu ya moto. Tangu siku ile, aliyesema Ebola ni mchezo wa wakubwa alikuwa na mfano wa kuonyesha. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu huko Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa.

Sasa tuangalie upande wa pili, katika miji hiyohiyo na miezi hiyohiyo. Tangu Novemba 2018, chini ya uongozi wa profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Moja kati yake ndiyo iliyotegemewa zaidi tangu mwanzo. Agosti 2019 kamati huru iliyosimamia hesabu ilishauri jaribio lisimamishwe, kwa sababu dawa mbili nyingine zilikuwa zinaokoa watu wengi zaidi. Ile iliyotegemewa ikawekwa kando. Moja ya zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Hakuna mkubwa aliyeamuru hesabu ziseme nini. Ziliachwa ziseme, na ndugu zetu wakapona.

Hapo ndipo tunaona uhuru wa elimu ni wa nini. Mtafiti si nabii, anaweza kukosea. Kwa sababu hiyohiyo lazima aachwe huru kupima, kutangaza alichokiona, na kusahihishwa na wenzake bila hofu. Mtaalamu anayesema kwa amri, hata akisema kweli, hatasadikiwa. Na asiposadikiwa, anayekufa ni mama wa kijijini, si aliyetoa amri.

Kanisa letu linajua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua Chuo Kikuu Huru cha Kongo huko Kisangani. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu uliunganisha vyuo vikuu vyote vitatu, na chetu kikiwemo, kuwa kimoja cha taifa. Mwaka 1974 theolojia ikaondolewa humo, na kanisa likalazimika kuibeba lenyewe. Sisi tuliosoma theolojia baadaye tumekula matunda ya wazee waliokataa kuizima taa ile.

Lakini tusijihesabie haki. Wakati wa Ebola, makanisa mengi yaliweka ndoo za maji mlangoni na kuwafundisha watu. Wako pia kati yetu waliohubiri kwamba ugonjwa ni uongo, au kwamba maombi yanatosha bila chanjo. Nasi tulitaka Mikaya aseme kama sisi.

Basi tufanye nini? Kwanza, mimbara isitangaze habari ya afya au ya hatari yoyote kwa ajili ya chama au kundi lenye silaha, liwe la upande gani. Tumwite mtaalamu mwenyewe aseme na ajibu maswali ya waamini. Pili, katika shule na vyuo vya makanisa yetu, mwalimu asilazimishwe kubadili pointi za mtoto wa mkubwa, wala kunyamazia alichokiona katika utafiti wake. Tukivunja uhuru huo nyumbani kwetu, hatutakuwa na kinywa cha kuudai kwa wengine. Tatu, tuwakumbushe wenye mamlaka, kwa heshima na bila kuchoka, kwamba Katiba ya 2006, kifungu cha 46, inalinda uhuru wa utafiti wa kisayansi. Na mwalimu akisumbuliwa kwa sababu ya kazi yake, parokia yake imtembelee na kuisaidia jamaa yake.

Maandiko hayatuambii kama kuna mtu aliyempelekea Mikaya chakula gerezani. Wa kwetu tusiwaache peke yao.