Majani ya plastiki ya nini tena, mtu wangu?

Safu yako imefika tena, na wiki hii tunaingia sebuleni. Wale wa geto msikimbie, maana tangi la samaki halihitaji nyumba ya ghorofa. Tangi la lita 60 linatosha kabisa kwa anayeanza, ilimradi meza iwe imara kweli kweli. Lita moja ya maji ni kilo moja, piga hesabu mwenyewe, na hapo hujaweka kioo wala changarawe.

Sasa nina ugomvi na ninyi. Mbona karibu kila tangi ninaloliona kwa washikaji limejaa majani ya plastiki, mengine ya rangi ya waridi kama keki ya send-off? Ukiuliza unaambiwa eti mimea hai ni kazi, inakufa. Inakufa kwa sababu umechagua kwa macho! Umeona jani jekundu kwenye picha, umelinunua, na hukujua kwamba mimea mingi myekundu inataka taa kali, mbolea na pengine hadi mtungi wa gesi.

Na mmea si pambo tu. Samaki anakula humo, anajisaidia humo humo. Kinyesi na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na amonia ndiyo inayowamaliza samaki wa watu wengi wiki za mwanzo, halafu lawama zote anabebeshwa muuza duka. Mmea hai unaifyonza kama mbolea. Kukiwa na mwanga unatoa na oksijeni. Lakini usijidanganye, usiku mmea nao unavuta oksijeni kama samaki, kwa hiyo usirundike samaki 30 ukidhani majani yatakuokoa.

Anza na ule usio na mizizi kabisa. Kitaalamu unaitwa Ceratophyllum demersum, ila dukani we eleza tu: ule wa kuelea, umejaa vijani vyembamba kama mkia wa paka aliyeshtuka. Unautupia ndani, basi, kazi imekwisha. Unakua haraka kichizi, na kwa sababu hiyo ndio unaokula uchafu kuliko wenzake. Ukiwa na samaki aina ya gapi, watoto wao watajificha humo wasiliwe na mama zao (ndiyo, gapi anakula wanawe, dunia ndivyo ilivyo). Siku za mwanzo unaweza kupukutisha vijani ukachafua tangi. Vumilia.

Wa pili ni anubiasi, Mwafrika mwenzetu. Kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, huko Kameruni na Kongo, kwenye vijito vya msituni ambako jua halifiki vizuri. Ndiyo maana taa hafifu haimsumbui. Majani yake ni magumu, samaki wengi wakiyaonja mara moja wanasusa. Kosa wanalolifanya wengi ni kumpanda kama mchicha! Anubiasi ana shina nene linalolala, mfano wa tangawizi. Ukilifukia kwenye changarawe linaoza, na mmea mzima unakwenda nalo. Chukua uzi mweusi wa kushonea, mfunge juu ya jiwe au kigogo, muache. Atashika mwenyewe. Ila hana haraka, jani moja linaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kangaga la Java, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, nalo unalifunga vivyo hivyo. Ukiona vitoto vya mmea vinachipua juu ya jani lake, usidhani ni ugonjwa. Umepata mche wa bure.

Halafu kuna valisneria, yenye majani marefu kama utepe. Huyu ni wa huku huku, hata Ziwa Tanganyika yumo. Wakazi wa Dar mnaotumia maji ya kisima yenye chumvi chumvi, huyu ni wenu, kwa sababu maji magumu anayapenda. Mpande mizizi tu, pale majani yanapoanzia pabaki juu ya changarawe. Wiki ya kwanza au ya pili majani yanaweza kuyeyuka yote ukabaki unaangalia kisiki. Usimng'oe! Anazoea maji mapya, mizizi ikiwa mizima atarudi, na baada ya muda atatambaa tangi zima.

Taa iwaashie saa 6 hadi 8 kwa siku. Tangi likikaa dirishani likapigwa na jua, utafuga mwani wa kijani badala ya samaki. Na kama unafuga samaki wa dhahabu au perege, mbakishie anubiasi tu, mengine hao wataita mboga.

Sasa najua kuna mjanja mmoja anasema, ya nini kununua wakati bwawani imejaa bure? Sikiliza. Konokono wanaobeba kichocho wanaishi kwenye majani hayo hayo ya maji baridi, na kichocho hakisubiri unywe maji, vimelea vinapenya kwenye ngozi wakati umesimama umekunja suruali. Kwa jani la bure utajikuta kwenye foleni ya hospitali. Hata ya dukani yasuuze vizuri, yakague chini ya majani kama kuna mayai ya konokono, yanafanana na tone la jeli, kisha yaweke kwenye ndoo wiki moja kabla ya kuyaingiza.

Na yakizidi, usiyamwage mtoni wala kwenye mtaro. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, watu wakalisambaza duniani kwa ajili ya ua lake zuri la zambarau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limeshaingia Ziwa Victoria, na waulize wavuvi wa Mwanza na Kisumu jinsi mitumbwi ilivyoshindwa kutoka ufukweni miaka hiyo. Wewe yaanike juani hadi yakauke kau kau, ndipo uyatupe au uyafukie kwenye chungu cha maua.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku moja klorini ipungue, weka mimea, usubiri wiki kadhaa. Samaki tutawachagua wiki ijayo, na nitakuambia ni yupi asiwekwe na gapi hata akikutazama kwa huruma namna gani.