Karura Haikuokolewa kwa Ajili ya Wenye Magari

Kila mjadala kuhusu Msitu wa Karura unapozuka jijini Nairobi, swali linalotangulia ni la maegesho: magari yataegeshwa wapi siku ya Jumapili? Swali hilo ni halali, lakini halistahili kutangulia. Linalostahili kutangulia ni hili: mtu asiye na gari atafikaje pale langoni akiwa salama?

Tuikumbuke historia. Karura ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na ukubwa wake ni zaidi ya hekta 1,000. Katika miaka ya 1990, vipande vyake viligawiwa wastawishaji wa binafsi kwa siri. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti huko tarehe 8 Januari 1999, wakashambuliwa na kundi la walinzi waliokodiwa. Maathai aliondoka akivuja damu kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliingia barabarani kuutetea msitu huo.  Msitu waliouokoa ni mali ya umma, na umma wa Nairobi, kwa sehemu kubwa, hutembea kwa miguu. Tafiti za usafiri zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba takriban safari nne katika kila kumi jijini hufanywa kwa miguu.

Ndani ya ua wa Karura kuna vijia vya kutembea na vya baiskeli vinavyopendwa na wengi. Vijia hivyo vinakomea uani. Mkaazi wa Ruaka, upande wa Kaunti ya Kiambu, anaishi kilomita chache tu kutoka msituni, ila hana njia moja inayoendelea, yenye taa na vivuko salama, iliyopangwa kumfikisha huko. Hupita kando ya Barabara ya Limuru pamoja na matatu, bodaboda na malori. Barabara hiyohiyo imeutenga upande wa Sigiria na sehemu kubwa ya msitu. Tunafahamu vyema kwamba watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani nchini Kenya. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba msitu uko wazi kwake ni kumfanyia dhihaka.

Kiini cha tatizo hili ni utawala. Msitu uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, linaloshirikiana na jumuiya ya wakaazi. Barabara kuu ziko chini ya mamlaka za kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho. Nairobi inapanga mpaka kwenye mpaka wake, na Kiambu vivyo hivyo. Kila afisa anatimiza wajibu wake kikamilifu, na mwananchi anaachwa katikati ya wajibu huo wote. Mito ya Ruaka na Karura hutoka nyanda za Kiambu ikapenya msituni bila kuomba kibali cha gavana yeyote. Kingo zake, zikilindwa dhidi ya wanyakuzi, zingeweza kuwa njia za miguu za kuziunganisha kaunti hizi mbili.

Wala tusidanganywe kwamba sheria haipo. Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka serikali zishirikiane, na kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inatambua mpango unaovuka mipaka ya kaunti. Nairobi yenyewe ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Kinachokosekana ni nia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vyetu vimekataa kukutana.

Watakuwepo wa kuniambia kwamba magari yanayojipanga kando ya barabara mwishoni mwa wiki ni hatari, na kwamba hayatatoweka kwa mahubiri. Nakubali. Lakini jibu si kukata miti ili tupate uwanja wa magari. Pembezoni mwa Karura kuna ofisi na maduka makubwa yenye maegesho, na mengi ya maegesho ya ofisi hukaa matupu siku za mapumziko. Kaunti inaweza kufanya mapatano na wenye maegesho hayo, ikatoza ada ya haki, na ada hiyo ikagharimia njia za miguu. Kila familia inayofika kwa matatu na kushuka kwenye kituo salama karibu na lango imeshaacha nafasi moja ya gari.

Kwa hiyo madai yetu yawe mahususi. Kaunti za Nairobi na Kiambu ziunde kamati ya pamoja pamoja na wasimamizi wa msitu na wa barabara. Kamati hiyo ichore ramani moja ya njia zinazoanzia Ruaka, Huruma na vituo vya matatu hadi kwenye malango. Mpango wa maegesho uandikwe baada ya ramani hiyo, wala usiitangulie. Mikutano ya kukusanya maoni ya umma ifanyike huko huko wanakoishi watembea kwa miguu, wala si katika hoteli za Gigiri.

Enyi watumishi wa umma, hamhitaji sheria mpya ili muitishe kikao hicho. Nanyi wanafunzi, waliowatangulia walipigwa wakiutetea msitu huu usigeuzwe kuwa majumba ya wachache. Msikubali ugeuzwe kuwa bustani ya wale wanaoweza kufika kwa gari.