Mtoto ametibiwa homa, lakini kadi ya chanjo haikufunguliwa

Saa nane za usiku mtoto anachemka, anatapika kila anachonyweshwa. Mama anamfunga mgongoni, baba anapiga simu kutafuta bodaboda. Wanafika hospitali ya wilaya, wanaelekezwa jengo la dharura. Mtoto anapimwa malaria, anawekewa dripu, na kulipokucha homa imeshuka. Wanapewa dawa za kuendelea nazo, wanarudi kijijini.

Mtoto huyo ana mwaka mmoja na miezi miwili. Chanjo ya surua ya miezi tisa hakuipata, kwa sababu wakati huo familia ilikuwa imehamia shambani msimu wa mpunga. Chumba cha chanjo kiko ng'ambo ya uwanja tu kutoka dharura. Hakuna aliyemuuliza mama kuhusu kadi, naye hakudhani kwamba usiku kama ule ni wa kuzungumzia chanjo.

Tumeanza na mfano huo kwa sababu unafanana na mambo ambayo wasikilizaji wetu hutusimulia kila tunapogusa afya ya watoto. Hata mmoja wetu hapa studio alishampeleka mwanawe hospitali usiku akiwa na degedege, akahudumiwa vizuri, akaruhusiwa, na kadi ikabaki kwenye mfuko wa nepi bila kuguswa.

Wataalamu wana jina la jambo hili: fursa ya chanjo iliyopotea. Mtoto amefika kwenye kituo cha afya, chanjo fulani anaihitaji, hakuna sababu ya kitabibu ya kumzuia, lakini anaondoka bila kuipata. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza nchi zizibe pengo hili, maana ni rahisi kumchanja mtoto aliyekwisha kufika kuliko kumtafuta aliye mbali.

Kwetu vijijini lina uzito zaidi. Mama anayehudhuria kliniki kila mwezi ana nafasi nyingi za kukumbushwa. Yule ambaye zahanati iko mbali, au anayeishi kwenye kambi ya shamba, au anayesubiri huduma ya mkoba ambayo mvua ikikata barabara haifiki, huenda akaonana na mhudumu wa afya siku tu mtoto anapozidiwa. Kwa familia ya namna hiyo dharura ndiyo kliniki. Mlango huo ukimpita, haijulikani lini atakanyaga kituo tena.

Kwa nini basi haulizwi? Sababu ya kwanza ni imani iliyoenea kwa wazazi, na hata kwa baadhi ya wahudumu, kwamba mtoto mgonjwa hachanjwi. Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia, katika miaka ya 1990, unasema vingine. Unamtaka mhudumu aangalie hali ya chanjo ya kila mtoto mgonjwa anayemhudumia, na kama mtoto yuko sawa vya kutosha kurudi nyumbani, basi yuko sawa kuchanjwa. Mafua, kikohozi cha kawaida, kuhara kidogo au homa ndogo si kizuizi. Aliye mahututi hutibiwa kwanza na daktari ndiye anayeamua lini achanjwe. Wapo pia wachache wenye sababu za kweli, kama aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo ileile, au ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika sana.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nayo imo ndani ya kichupa. Chanjo ya surua na rubella huja ikiwa unga, unachanganywa na maji yake maalumu, na kwa kawaida kichupa kimoja kinatosha watoto 10. Kikishachanganywa kina saa 6 tu. Zikipita, kilichobaki kinamwagwa. Sasa jiweke kwenye nafasi ya muuguzi: mbele yake yupo mtoto mmoja, na mwisho wa mwezi atatakiwa aeleze dozi 9 zilikwenda wapi. Wengi humwambia mama arudi siku ya kliniki ambapo watoto watakuwa wengi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na kiasi fulani cha dozi za kumwagwa huingizwa kwenye hesabu ya kuagiza chanjo. Chanjo zinazokuja zikiwa maji, kama ile ya Penta inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na bakteria wa Hib, kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutunzwa kwenye jokofu hadi siku 28 kikihifadhiwa inavyotakiwa. Kwa hizo, hoja ya kuogopa kumwaga haina nguvu.

Sisi tunaona hapa ndipo lawama inapokosewa njia. Tumezoea kusikia kwenye mikutano kwamba kina mama ni wazembe, hawafuati tarehe. Wapo wazembe, hatukatai. Lakini mama aliyelipa nauli ya bodaboda usiku, akakesha kwenye benchi, kisha akaambiwa arudi Jumatano, huyo si mzembe. Akiwa hana nauli nyingine, Jumatano itapita.

Benchi lenyewe nalo lina habari yake. Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku 4 hivi kabla vipele havijatokea, wakati anaonekana ana homa, kikohozi na macho mekundu tu. Hata akishatoka chumbani, virusi vyaweza kubaki hewani hadi saa 2. Mtoto aliyeletwa kwa malaria anaweza kuondoka na surua aliyoikuta hospitalini. Ndiyo maana watoto wanaolazwa wanapaswa kuangaliwa kadi mapema, na pale surua ilipozuka chanjo inaweza kuanza kutolewa kuanzia miezi 6. Hiyo ni dozi ya ziada. Zile za miezi 9 na miezi 18 zinabaki palepale. Aliyekaa karibu na mgonjwa wa surua, akichanjwa ndani ya saa 72, bado anaweza kuepuka ugonjwa au akaupata kwa unafuu.

Swali jingine tunaloulizwa ni hili: mtoto akichelewa, je, anaanza upya? Haanzi. Aliyepata chanjo za wiki ya 6 akakosa za wiki ya 10 na ya 14 anaendelea alipoishia, akiacha angalau wiki 4 kati ya dozi. Mama asiogope kwenda eti atagombezwa kwa kuchelewa. Na yule aliyechanjwa kwenye kampeni, kwa mfano ile ya surua na rubella ya Februari 2024, asidhani amemaliza. Dozi ya kampeni haiondoi zile za ratiba ya kawaida.

Hospitali zina kazi ya kufanya: swali la kadi liwekwe mapokezi ya dharura pamoja na jina na umri, na mtoto anayeruhusiwa asindikizwe hadi chumba cha chanjo badala ya kuelekezwa kwa kidole. Akiruhusiwa usiku au Jumapili, chumba kimefungwa, aandikiwe kwenye cheti chake chanjo gani anadaiwa, ili hata zahanati ya kijijini imalizie.

Kwa upande wako msikilizaji, kadi ya kliniki ikae mahali pamoja na vitu vya kukimbilia: kadi ya bima kama unayo, tochi, khanga ya kubebea. Baba naye ajue ilipo, maana mara nyingi ndiye anayerudi nyumbani kuchukua vitu. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha kurasa za chanjo leo, mtoto akiwa mzima. Na kabla hujatoka hospitali sema tu, "Sista, naomba tumwangalizie mtoto chanjo kabla hatujaondoka." Chanjo za ratiba hutolewa bure.

Kadi ikiwa imepotea, usikae nyumbani. Kituo alikoanzia mtoto huwa na rejista ya chanjo. Nenda na jina alilosajiliwa nalo, jina la mama na mwezi aliozaliwa, utaandikiwa kadi nyingine. Jina lisipoonekana kwenye rejista, mhudumu humhesabu kama hajachanjwa na kumpa anazostahili. Kurudia dozi ambayo pengine alishaipata hakumdhuru mtoto.