Mpango wa Palma uandikwe Palma

Cabo Delgado haina upungufu wa mipango. Machi 2020 serikali ya Msumbiji iliunda ADIN, wakala wa maendeleo ya mikoa mitatu ya kaskazini, na tangu hapo makaratasi yamefuatana. Septemba 2021 Baraza la Mawaziri lilipitisha mpango wa kujenga upya maeneo yaliyoharibiwa na vita, wa takriban dola milioni 300. Mwaka 2022 ukaja mkubwa zaidi, PREDIN, wa dola bilioni 2.5 kwa Cabo Delgado, Nampula na Niassa. Wafadhili wana mipango yao, na kampuni za gesi zina yao. Mzazi wa Mocímboa da Praia akitaka kujua ni upi kati ya hiyo yote unaosema mwanawe atasoma wapi mwakani, hana dirisha la kuuliza.

Tunachodai ni hiki: mpango wa watoto, vijana na familia za pwani hii uandikwe wilayani, uwe na fungu lake la fedha, na usomwe hadharani kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili. Kireno kibaki kwenye jalada.

Hatudai jambo geni. Sheria ya vyombo vya dola vya mahali ya mwaka 2003 iliitaja wilaya kuwa msingi wa upangaji Msumbiji. Mwaka 2006, wakati wa Rais Armando Guebuza, kila wilaya ilipewa metikali milioni 7 kwa mwaka, na mabaraza ya ushauri ya wilaya yakapewa kazi ya kuchagua miradi. Watu bado huziita fedha zile "milioni saba". Kasoro zilikuwa nyingi. Mikopo mingi iliyotolewa kwa fedha hizo haikurudi, na malalamiko kwamba kadi ya chama ilifungua milango kuliko mradi mzuri yalisikika nchi nzima. Hata hivyo, mvuvi na mkulima walijua kiasi kilichoingia wilayani mwao, wakaweza kukiulizia kwa jina. Leo nani wa Palma anaweza kukutajia fungu la watoto la wilaya yake?

Kisha mlango ukafungwa. Mabadiliko ya katiba ya 2018 yaliahidi kwamba mwaka 2024 wananchi wangeanza kupiga kura katika ngazi ya wilaya. Agosti 2023 Bunge likaifuta tarehe hiyo bila kuweka nyingine. Kwa hiyo mkuu wa wilaya, administrador, bado huteuliwa, na aliyeteuliwa humtazama aliyemteua. Juu yake, tangu 2020, mkoa una vichwa viwili: gavana anayetokana na uchaguzi na Katibu wa Dola anayeteuliwa na Rais. Ofisi mbili, magari ya aina mbili, mkoa mmoja maskini.

Hebu tumtazame mtoto anayepaswa kupangiwa. Aliyekuwa na miaka 6 siku vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa, Oktoba 5, 2017, alitimiza 14 mwaka 2025. Katikati hapo mji wake ulitekwa Agosti 2020 na kukaa mikononi mwa waasi wanaoitwa mashababi kwa mwaka mzima, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipourudisha Agosti 2021. Kama familia yake ilikimbilia Palma, Machi 24, 2021 ilikimbia tena. Vita hivi viliwahi kuwatoa makwao watu wapatao milioni moja, katika mkoa ambao sensa ya 2017 iliuhesabia milioni 2.3. Mtoto huyo ameanza shule mara mbili au tatu, kila mara na walimu wapya, pengine chini ya turubai wilayani Metuge. Cheti chake cha kuzaliwa kiliungua na nyumba. Bila cheti hapati kitambulisho, na bila kitambulisho atagongana na kila kizuizi cha barabarani na kila lango la ajira atakapokua.

Nani anamshika mtoto huyu mzima mzima? Masomo yake yako idara moja ya wilaya, ile ya elimu na vijana. Chanjo yake na ustawi wake viko nyingine, ya afya, wanawake na jamii. Cheti kiko kwa watu wa wizara ya sheria. Ruzuku ya bibi anayemlea iko INAS, taasisi ya ustawi wa jamii ambayo ofisi yake moja huhudumia wilaya kadhaa. Chakula, kikipatikana, huletwa na shirika la misaada lenye orodha yake lenyewe, na tangu Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025 orodha hizo zimefupishwa. Kila mmoja anafanya kazi yake. Hakuna anayeulizwa kama kazi hizo zimekutana kwa mtoto mmoja.

Hapo ndipo mpango wa wilaya unapokuwa na maana, na gharama yake si kubwa. Meza moja, mara moja kwa mwezi, chini ya administrador: elimu, afya, ustawi, usajili, viongozi wa mitaa, maimamu, mapadri, wawakilishi wa wavuvi na wa kina mama wa vikundi vya akiba. Rejista moja ya watoto, kijiji kwa kijiji: nani hana cheti, nani hayuko shuleni, nani analelewa na asiye mzazi wake. Kazi ya daftari na miguu. Anayedai mfumo wa kompyuta lazima utangulie anatafuta tenda.

Rejista hiyo itafichua mambo ambayo Pemba, makao makuu ya mkoa, na Maputo hazipendi kuyagusa. Msumbiji ina sheria nzuri tangu Oktoba 2019 inayokataza kumwoza au kuishi kinyumba na aliye chini ya miaka 18. Lakini baba wa pwani asiyeruhusiwa kwenda baharini, au aliyehamishwa mbali na bahari, hulitazama jambo la mahari kwa jicho jingine. Wavuvi wa Milamba na vijiji jirani vya rasi ya Afungi waliondolewa kupisha kiwanda cha gesi, wakapewa nyumba za matofali Quitunda. Nyumba nzuri, bahari mbali. Jeshi nalo, kwa sababu zake za usalama, limekuwa likibana muda na maeneo ya kuvua. Katika pwani hii, saa ambayo ngalawa inaruhusiwa kutoka ni sera ya watoto. Hutaikuta imeandikwa hivyo katika mpango wowote wa dola bilioni, kwa sababu walioandika hawali samaki wa siku hiyo hiyo.

Lipo pia lile zito zaidi. Juni 2025 Human Rights Watch ilitoa taarifa kuhusu wimbi la utekaji wa watoto Cabo Delgado: wa kubeba mizigo, wa kuolewa kwa nguvu, wa kufunzwa bunduki. Baadhi yao hurudi. Mtoto akitokea porini Mocímboa leo, nani wa kwanza kumpokea, askari au mtu wa ustawi? Atalala wapi usiku ule? Majirani wataambiwa nini, na nani mwenye kuwaambia? Haya hayajibiwi kutoka Maputo. Yanajibiwa na watu wanaomjua mjomba wa mtoto yule na msikiti ambamo babu yake alisali.

Kwa vijana, neno ni kazi. Malalamiko ya Palma hayajabadilika tangu kampuni ya Anadarko ilipotangaza gesi mwaka 2010: nafasi zinakwenda kwa vientes, watu wa kuja, na kijana wa hapa anabaki mlinzi au mbeba zege. Tusidhani ni maneno ya wavivu. Ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara iliwaka Januari na Mei 2013 kwa hoja ya jamii hiyo hiyo, pale wananchi walipoona bomba la gesi linaelekea Dar es Salaam. Mpango wa wilaya ungeweza kufanya jambo ambalo hotuba haziwezi: kuhesabu vijana wenye ufundi, kuwajua kwa majina, kuwapa wasiojua Kireno miezi ya kujifunza kabla ya usaili, na kubandika ukutani idadi ya walioajiriwa kutoka kila kijiji. Namba ukutani huzungumza na kampuni vizuri kuliko barua.

Fedha zipo, au zinakuja. Kwa kanuni ya mwaka 2023, asilimia 10 ya kodi ya uzalishaji wa madini na gesi inapaswa kurudi inakotoka: 7.25 kwa mkoa na wilaya, 2.75 kwa jamii za mahali. Meli ya Coral Sul imekuwa ikisafirisha gesi ya bahari hii tangu Novemba 2022. TotalEnergies, iliyosimamisha mradi wa Afungi Aprili 2021, ilitangaza Novemba 2025 kwamba inaondoa usimamishaji huo, na inalenga gesi ya kwanza mwaka 2029. Tunataka sehemu ya ile 7.25 itengwe kisheria kwa watoto na vijana wa wilaya, kwa kiwango ambacho hata mwanafunzi anaweza kukitaja. Tanzania ilijifunza hili kwa tabu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kama mikopo, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliibiwa na vikundi hewa hadi serikali ikasimamisha mikopo hiyo mwaka 2023, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Wizi ulionekana kwa sababu kiwango kilijulikana.

Kenya nayo ina la kufundisha, ingawa tusiitie chumvi. Kaunti zake 47 zinalazimika kisheria kuandika mpango wa miaka mitano na kuwashirikisha wananchi. Tunajua mikutano hiyo mara nyingi ni chai, maandazi na sahihi za mahudhurio. Lakini Lamu, wavuvi wapatao 4,600 walipoona bandari mpya inakula maeneo yao, walikuwa na katiba inayotaja haki ya kushirikishwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Mvuvi wa Quitunda hana silaha ya namna hiyo mkononi.

Tutaambiwa vita havijaisha. Kweli, na hakuna anayependekeza mikutano ya hadhara katika misitu ya Macomia. Lakini mjini Palma na Mocímboa soko linauza, shule zimefunguliwa na watu wamerudi. Penye usalama wa kujenga uzio wa kiwanda pana usalama wa kuita baraza.

Tutaambiwa pia kwamba wilaya hazina uwezo, fedha zitaliwa. Waliokopa kwa siri dola bilioni 2 kwa jina la nchi mwaka 2013 na 2014 hawakuwa wajumbe wa baraza la ushauri la Palma.

Gavana Valige Tauabo na Katibu wa Dola wana ofisi zao Pemba. Wakubaliane nani kati yao atasaini, kisha wachague wilaya mbili za kuanzia, Palma na Mocímboa da Praia. Rejista ya watoto iwe tayari kabla ya bajeti ijayo ya wilaya kufungwa, na nakala ya bajeti hiyo, ikiwa na fungu la watoto na vijana, ibandikwe mlangoni kwa administrador, sokoni na kwenye kila shule yenye mlango.