Mgawo wa umeme na ratiba za viwandani: saa iliyopotea inalipwa na nani?

Katika kitongoji cha Newtown mjini Johannesburg, Makumbusho ya Wafanyakazi hayako mbali na Turbine Hall, jengo lililokuwa sehemu ya kituo cha kufua umeme cha Jeppe Street. Makumbusho hayo zamani yalikuwa kambi ya vibarua weusi wa manispaa, waliolala juu ya vitanda vya saruji. Saa zao zilipangwa na mwajiri. Tunalitaja hilo kwa sababu suala la saa za kazi limerudi kwa sura nyingine.

Itakumbukwa kuwa mgawo wa umeme ulianza Afrika Kusini mwishoni mwa 2007, na katika mwaka 2023 ulitekelezwa kwa zaidi ya siku 300. Ulisita Machi 2024, ukarejea mwanzoni mwa 2025.

Viwanda vingi hupanga mashine kwa seli, yaani mashine za aina mbalimbali huwekwa pamoja ili kutengeneza bidhaa zinazofanana. Mhandisi wa Kisovieti Sergei Mitrofanov aliieneza fikra hiyo tangu miaka ya 1950. Ugumu uko kwenye ratiba. Tuseme seli moja inatengeneza bawaba na vitasa, na kubadili vifaa huchukua dakika 45. Oda nne zikifuatana bawaba, kitasa, bawaba, kitasa, matayarisho peke yake hula saa tatu. Zikipangwa bawaba zote kwanza, ni saa moja na nusu.

Lakini umeme ukikatwa kwa saa mbili, faida yote hiyo inamezwa. Kwa maoni yetu, dawa iliyo karibu ni kuhamishia ubadilishaji wa vifaa, usafishaji na upakaji grisi ndani ya saa za giza, maadamu ratiba ya mgawo hutangazwa mapema. Kazi hizo kwa sehemu kubwa ni za mikono. Kweli, mgawo ukipandishwa daraja ghafla, mpango wote huvurugika, na hapo hata kompyuta haisaidii sana.

Nukta nyingine ni malipo. Kibarua wa kutwa akirudishwa nyumbani umeme unapokatika, hasara ya shirika la umeme huhamia mfukoni mwake. Akibaki akifunga vifaa vya oda ijayo, yuko kazini na anastahili ujira kamili. Wenye karakana Dar es Salaam, walioonja mgawo mwishoni mwa 2023 kabla bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha Februari 2024, wanaijua hesabu hii. Vibarua wao wanaijua zaidi.