Kromosomu za Tikiti Tuzihesabu Wenyewe

Nilipata alama nzuri kwa kuchora kromosomu za kitunguu ambazo sikuwahi kuziona. Nilinakili picha ya kitabuni, kama walivyofanya wenzangu, tukasifiwa kwa usafi wa michoro. Desturi hii ninaipinga, maana inatuaibisha mbele ya watu wanaotutegemea.

Likizo iliyopita, nje kidogo ya Mbale, mama mmoja jirani yetu alikataa kupanda matango karibu na matikiti maji. Alisema nyuki watayachanganya na matikiti yatakuwa chapwa. Nikamjibu kwamba tikiti maji lina kromosomu 22 na tango 14, kwa hiyo hayachanganyiki. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umezihesabu?" Nikanyamaza.

Hata jibu langu lilikuwa nusu. Kibuyu nacho kina kromosomu 22, lakini hakizaliani na tikiti maji. Tena, nyama ya tunda hutokana na mmea mama. Chavua ngeni ingejitokeza katika mbegu, yaani msimu unaofuata. Mimi nilikariri namba bila kujua zinathibitisha nini na zinaishia wapi.

Tutaambiwa vifaa ni ghali. Vipi? Mbegu za tikiti tunazitema kila siku sokoni Jinja. Za tango zinapatikana duka la pembejeo. Zifunge katika kitambaa kilicholoweshwa, na baada ya siku chache zitatoa mizizi. Ncha za mizizi hulazwa katika maji ya barafu ili seli zikwame katikati ya mgawanyiko, kisha katika sehemu tatu za alkoholi na moja ya asidi ya asetiki. Hufuata asidi hafifu ya kulainisha, rangi, slaidi, na kidole gumba cha kukandamiza. Kitu cha bei ni hadubini ya kukuza mara 1,000, nayo imefungiwa kabatini. Ni kweli kromosomu hizi ni ndogo na zinachosha macho. Hiyo ni sababu ya kufanya mazoezi zaidi.

Wengine watasema kuhesabu kumepitwa na wakati, sasa watu wanasoma jenomu nzima. Jenomu ya tango ilipochapishwa mwaka 2009, ilieleza jinsi kromosomu za kale zilivyoungana hadi tango likabaki na jozi 7, huku ndugu yake meloni akiwa na 12. Swali hilo lilitoka kwa watu waliohesabu. Hitoshi Kihara wa Japani naye alipata tikiti lisilo na mbegu kwa kuzalisha mmea wa kromosomu 44 na wa 22. Mtoto akapata 33, seti tatu zisizoweza kujipanga vizuri jozi kwa jozi.

Wahadhiri wetu, futeni alama za mchoro ulionakiliwa. Kila mwanafunzi alete slaidi yake mwenyewe. Akihesabu 20 badala ya 22, aeleze alipokosea, na apewe alama kwa maelezo hayo.